Sahani ya Peke Yake: VVU Huambukizwa Vipi, na Haviambukizwi kwa Njia Zipi



Somo la afya la mwezi huu tunaliandika sisi wa kamati ya afya ya kanisa. Wengi wetu ni wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa katika hospitali na nyumba za wazee hapa Marekani. Kabla hatujafundisha neno lolote, tuna jambo la kukiri mbele yenu.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa jikoni tukipakua chakula cha ushirika. Palikuwa na wali, maharage, sombe, kuku na chapati, kama kawaida yetu. Sahani zetu mnazijua, zile nyeupe ambazo akina mama walizichangia. Lakini siku ile, pembeni mwa meza ya kupakulia, iliwekwa sahani moja ya plastiki ya kutupa, kikombe cha plastiki na kijiko cha plastiki. Hakuna aliyeuliza ni vya nani kwa sababu wote tulijua. Dada mmoja alikuwa amemwomba mwenzake amwombee, akamweleza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI na anatumia dawa. Maneno yale hayakubaki kwenye maombi. Alipofika kwenye foleni akapewa sahani ile. Aliipokea, akasema ahsante, akala kidogo, akaondoka kabla ya chai. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Sisi tulikuwa pale. Tulijua, kwa masomo yetu na kwa kazi yetu ya kila siku, kwamba sahani ile haimkingi mtu yeyote na chochote. Tulinyamaza kwa sababu hatukutaka kuwaaibisha walioiandaa, na kwa kunyamaza kwetu aliyeaibika ni yeye. Baadaye tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba msamaha, naye akatusamehe. Ametupa ruhusa ya kusimulia haya bila kutaja jina wala nchi aliyotoka. Alituomba kitu kimoja tu: "Wafundisheni watu, maana hawajui."

Hofu yetu ilitoka wapi

Tulizungumza pia na walioandaa sahani ile. Hawakuwa na chuki. Waliogopa kwa ajili ya watoto wao. Nasi tunawaelewa, kwa sababu wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki na Kongo tulianza kuuogopa ugonjwa huu kabla hatujauelewa.

Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, na watu wa huko waliuita Juliana. Uganda waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mitaani Dar es Salaam mtu aliyeambukizwa alisemwa kuwa amekanyaga waya. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanauita SIDA hadi leo. Tulizika wajomba, mashangazi na walimu wetu. Vyombo vya mgonjwa vilitengwa, shuka zake zilichomwa moto, na chumba chake kiliogopwa hata baada ya mazishi. Hatukuwa na dawa, na hofu ile tulisafiri nayo hadi huku.

Leo dawa zipo. Kwa hiyo tujifunze upya, taratibu, kama watu wazima.

VVU na UKIMWI si kitu kimoja

VVU ni virusi vyenyewe. Vikiingia mwilini hushambulia askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Bila dawa, kwa miaka kadhaa, askari hao hupungua mpaka mwili unashindwa kujilinda na magonjwa kama kifua kikuu. Hali hiyo ya mwisho ndiyo UKIMWI. Mtu anaweza kuishi na VVU maisha marefu bila kufika huko, mradi aanze dawa mapema na azimeze bila kukatisha. Katika kazi yetu tunawaona wazee wa miaka 70 walioishi na VVU zaidi ya miaka 25, na leo kinachowapeleka kwa daktari ni presha na magoti.

Maswali matatu ya kujiuliza

Badala ya kukariri orodha ndefu, tushike maswali matatu. Ili VVU vitoke kwa mtu mmoja vimwingie mwingine, mambo matatu lazima yakutane.

Kwanza, je, kuna majimaji ya mwili yanayobeba virusi vya kutosha? Majimaji hayo ni damu, shahawa na ute unaotangulia shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, machozi, jasho, kamasi na mkojo haviambukizi VVU.

Pili, je, kuna mlango wa kuingilia? Milango hiyo ni uke, njia ya haja kubwa, tundu la uume na ngozi laini ya govi, kidonda kibichi, utando laini wa mdomo kwa kiasi kidogo sana, au sindano inayopenya moja kwa moja mwilini. Ngozi nzima isiyo na jeraha ni ukuta. VVU havipenyi hapo.

Tatu, je, virusi bado vina nguvu? VVU ni dhaifu sana vikitoka mwilini. Haviwezi kuzaliana nje ya mwili wa binadamu, na vikikutana na hewa na ukavu hupoteza uwezo wa kuambukiza upesi.

Jambo moja likikosekana, hakuna maambukizi. Sasa tuyatumie maswali haya.

Njia ambazo VVU huambukizwa

Njia ya kwanza, na ndiyo inayoambukiza watu wengi zaidi duniani, ni kujamiiana bila kinga na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, au ambaye dawa bado hazijashusha virusi vyake. Tendo la njia ya haja kubwa lina hatari zaidi kwa sababu utando wa hapo huchanika kirahisi. Magonjwa mengine ya zinaa, kama kaswende, huongeza hatari kwa sababu hufungua vidonda.

Tuseme jambo hapa kama viongozi wa kanisa. Tunafundisha uaminifu katika ndoa na tunaamini mafundisho hayo. Lakini wako wake na waume waliokuwa waaminifu kabisa wakaambukizwa na wenzi wao wa ndoa. Wako waliobakwa vitani au njiani walipokuwa wakikimbia. Wako waliozaliwa na virusi. Basi mtu akikuambia ana VVU, hajakusimulia dhambi. Amekueleza hali ya afya yake tu.

Njia ya pili ni damu. Kuchangia sindano kwa wanaotumia dawa za kulevya ni hatari kubwa. Vivyo hivyo sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, na wembe mmoja wa kuwachanja chale watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Kuongezewa damu kuliwahi kuwa hatari, lakini hapa Marekani damu inayotolewa hupimwa VVU tangu mwaka 1985.

Njia ya tatu ni kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, wakati wa mimba, wakati wa kujifungua au wakati wa kunyonyesha. Tutairudia njia hii kwa sababu ndiyo yenye habari njema zaidi.

Njia ambazo VVU haviambukizwi

Turudi kwenye sahani. Mtu mwenye VVU amekula, ameacha mate kwenye kijiko. Swali la kwanza: mate yanabeba virusi vya kutosha? Hapana. Tumekwama hapo hapo, hatuna haja ya kuendelea. Sahani, kikombe, sufuria, kijiko na bakuli la kunawia mikono haviambukizi. Maji na sabuni vinatosha, kama kwa vyombo vya mtu mwingine yeyote.

Kukumbatiana, kushikana mikono na kubusiana shavuni, ngozi ni ukuta. Choo, bafu, bwawa la kuogelea, taulo na shuka, hakuna mlango wala virusi vyenye nguvu. Kukohoa na kupiga chafya huambukiza mafua, na kifua kikuu kwa aliye nacho, lakini si VVU. Kukaa benchi moja, kuimba kwaya moja kwa kipaza sauti kimoja, kubebewa mtoto wako, kulala chumba kimoja: hakuna hata moja linaloambukiza.

Mbu je? Mbu anapokuuma hakumiminii damu ya mtu aliyetangulia kumuuma. Anakutemea mate yake mwenyewe. VVU haviishi wala kuzaliana ndani ya mbu, tofauti na vijidudu vya malaria. Tena fikirini: kama mbu angeambukiza VVU, kule kwetu watoto wa miaka saba na wazee wa miaka themanini wangeugua sawasawa na vijana, maana mbu hachagui umri.

Wako ndugu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama ambao wametuuliza kuhusu damu ya ng'ombe na kuku. VVU ni virusi vya binadamu, na wanyama hao hawanavyo. Kisu kikikukata, tibu jeraha na utoe taarifa kazini, lakini usikose usingizi kwa hofu ya VVU.

Yapo mambo machache ambayo hatutaki kuyaficha. Busu la ndani la mdomo haliambukizi, isipokuwa katika matukio ya nadra mno ambapo wote wawili wana vidonda au fizi zinazovuja damu. Kumtafunia mtoto chakula, kama bibi zetu walivyofanya, kumewahi kuambukiza watoto wachache sana pale fizi za mtafunaji zilipokuwa zinatoka damu. Basi tuponde chakula cha mtoto kwa uma. Na usichangie wembe wa kunyolea wala mswaki, ila sababu kubwa hapo ni homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kukaa siku saba nje ya mwili vikiwa bado na nguvu. Sijaona kinyozi anayeogopa homa ya ini kama anavyoogopa VVU, alisema mwenzetu mmoja kwenye kamati, nasi tulicheka, lakini alisema kweli.

Tuwape kipimo kingine kutoka kazini kwetu. Muuguzi akichomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, damu ikamwingia kabisa, hatari ya kuambukizwa bila kupewa dawa ya kinga ni karibu watu 2 au 3 kati ya 1,000. Hiyo ni sindano yenye damu ndani ya nyama. Sahani ya wali haimo kabisa katika hesabu hiyo.

Dawa zimebadilisha jambo kubwa

Hili ndilo ambalo wengi wetu hatukulisikia tulipokuwa nyumbani. Mtu mwenye VVU akimeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa, virusi katika damu hushuka, kwa kawaida ndani ya miezi sita, mpaka mashine ya maabara haivioni. Havijaisha mwilini, vimelala. Mtu akibaki katika hali hiyo, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana.

Jambo hili limepimwa kwa watu halisi. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao HPTN 052, uliofuatilia wenzi 1,763 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, katika nchi tisa zikiwemo Kenya na Malawi. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96. Mwaka 2016 yakaja matokeo ya utafiti wa PARTNER, uliofanyika katika nchi 14 za Ulaya. Wenzi 888 walijamiiana bila kondomu mara zipatazo 58,000, mwenye virusi akiwa anatumia dawa na virusi vimeshuka. Waliombukizwa na mwenzi wao walikuwa sifuri.

Katika utafiti wa PARTNER, kushuka maana yake ni chini ya nakala 200 za virusi katika mililita moja ya damu. Ndiyo maana daktari hurudia kupima damu kila baada ya miezi kadhaa. Dawa hizi hazizuii kaswende wala magonjwa mengine ya zinaa, na mtu akiacha kumeza, virusi huamka na kupanda tena ndani ya wiki chache.

Hapo tunagusa jambo zito. Wapo walioombewa wakaacha dawa ili kuonyesha imani. Tumewahi kuwapokea wodini wakiwa wamedhoofika sana, na wengine hatukuweza kuwarudisha. Wapendwa, tuombeane bila kuchoka, na tumeze dawa bila kukatisha. Kama Mungu amekuponya, maabara itaonyesha na daktari wako atakuambia. Asiwepo mtu katika kanisa letu, awe mchungaji, nabii mgeni au mwombaji, wa kumwambia mgonjwa atupe vidonge vyake.

Mama na mtoto

Bila matibabu yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akianza dawa kabla ya mimba au mapema katika mimba, virusi vikashuka na vikabaki chini, na mtoto akapewa dawa baada ya kuzaliwa, hatari ya kumwambukiza katika mimba na kujifungua hushuka chini ya mtoto 1 kati ya 100. Tumesimama katika vyumba vya kujifungulia na kuyaona haya kwa macho yetu. Mtoto analia, mama analia, na baadaye majibu ya mtoto yanarudi safi.

Kuhusu kunyonyesha, msishangae kusikia ushauri tofauti. Nchi nyingi za Afrika, kwa kufuata Shirika la Afya Duniani, humshauri mama anayetumia dawa anyonyeshe. Hapa Marekani madaktari kwa miaka mingi walikataza kabisa. Tangu mwaka 2023 mwongozo wa hapa unataka mama na daktari wajadiliane. Ikiwa virusi vimeshuka, hatari kwa njia ya maziwa ni chini ya asilimia 1, lakini si sifuri. Mama anayetumia chupa asiulizwe na wanawake wenzake, "Mbona hunyonyeshi?" Swali hilo limewatoa machozi akina mama wengi katika jamii yetu.

Ukiwa na wasiwasi wa kweli

Kama jana au juzi ulikuwa katika hatari, mathalani umebakwa, kondomu imepasuka au sindano imekuchoma, usikae nyumbani ukihesabu siku. Ipo dawa ya kuzuia baada ya tukio, inayoitwa PEP. Lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora, kisha humezwa siku 28. Nenda chumba cha dharura usiku huo huo.

Kama unaishi katika hatari, kwa mfano mwenzi wako ana VVU na bado virusi havijashuka, ipo dawa ya kinga ya kabla, PrEP, ya vidonge au sindano. Ikitumiwa kama ilivyoelekezwa hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa kujamiiana kwa takriban asilimia 99.

Kupima ni kwa kila mtu. Mwongozo wa afya wa hapa unashauri kila aliye kati ya miaka 13 na 64 apime angalau mara moja. Kumbukeni kipindi cha kusubiri: kipimo cha maabara cha damu ya mshipa huweza kugundua virusi kati ya siku 18 na 45 baada ya kuambukizwa, na vipimo vingine vya haraka huweza kuchukua hadi siku 90. Ukipima siku tatu baada ya tukio, majibu mazuri hayajakuhakikishia.

Hofu zetu sisi wahamiaji

Hofu ya kwanza ni makaratasi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Marekani ilizuia watu wenye VVU kuingia na kupata ukaazi. Zuio hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010, na kipimo cha VVU hakimo tena katika uchunguzi wa afya wa uhamiaji. Usikimbie kupima kwa sababu ya ukaazi wako.

Hofu ya pili ni mkalimani. Tumekutana na wagonjwa waliosema "hapana" kwa kila swali la daktari kwa sababu mkalimani ni mtu wa kanisani kwao, au ni mtoto wao wa miaka 14. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Unaweza kuomba wa simu, aliye jimbo jingine, na kuomba asitajiwe jina lako. Usimtumie mtoto wako.

Hofu ya tatu ni siri. Sheria ya faragha ya mwaka 1996, iitwayo HIPAA, inamkataza mhudumu wa afya kumweleza mwajiri, jirani au mchungaji wako hali yako bila ruhusa yako. Majibu ya VVU hupelekwa idara ya afya, ambayo huweza kuwafikia waliokuwa hatarini bila kukutaja. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu una VVU. Lakini majimbo kadhaa yana sheria kali kuhusu kutomweleza mwenzi wako, kwa hiyo zungumza na kliniki mapema ikusaidie kumwambia.

Hofu ya nne ni bili. Upo mpango wa serikali unaoitwa Ryan White, kwa sheria ya mwaka 1990, unaowasaidia watu wa kipato kidogo wasio na bima ya kutosha kupata matibabu na dawa za VVU. Uliza kliniki yoyote ya VVU kwa jina hilo.

Mtoto wa Indiana

Ryan White alikuwa nani? Alikuwa mvulana wa mji wa Kokomo, jimbo la Indiana, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda. Aliambukizwa VVU kwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu wengine, akagundulika Desemba 1984 akiwa na miaka 13. Shule ilimkataza kurudi darasani. Mwaka 1988 alieleza mbele ya tume ya rais mambo yaliyompata. Alisema familia yake ilikubali atumie vyombo vya kutupa shuleni, ingawa walijua vyombo haviambukizi. Alisema mikahawa ilitupa sahani alizolia. Na alisema hata kanisani watu walikataa kumpa mkono. Alifariki Aprili 1990, akiwa na miaka 18.

Tulipoyasoma hayo katika kamati, tulinyamaza kwa muda. Sahani ya kutupa ilikuwa pale Indiana, na sahani ya kutupa ilikuwa jikoni kwetu miaka mingi baadaye, wakati hatuna tena kisingizio cha kutokujua.

Katika Injili ya Marko sura ya kwanza, mwenye ukoma alimwendea Yesu. Sheria na desturi zilimweka mtu yule mbali na wenzake, na Bwana angeweza kumponya kwa neno tu akiwa mbali. Alimgusa kwanza. Watu waliokuwa pale waliona mkono ule kabla hawajaona ngozi iliyopona.

Tulichokubaliana

Kamati ya afya, pamoja na wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, tumekubaliana mambo matatu. Vyombo vya kanisa ni vya watu wote, na havitatengwa kwa sababu ya ugonjwa wa mtu. Anayetumia sahani ya plastiki atumie kwa sababu wote tunatumia plastiki siku hiyo. Jambo lililosemwa katika maombi halitoki nje ya maombi, na atakayelitoa ataitwa na wazee. Na mwenye swali kuhusu VVU atuulize sisi faraghani, kwa sauti au kwa ujumbe, wala hatutamcheka.

Dada yetu amerudi. Hatutawaambia ni nani. Wengi wenu hamjui, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jumapili ya chakula cha ushirika ijayo tutapakua kama kawaida, na tungependa kila mmoja achukue sahani ya juu iliyo karibu na mkono wake bila kutazama nani ameshika ipi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:

1. Taja jambo moja uliloambiwa utotoni kuhusu UKIMWI. Lipitishe kwenye maswali matatu ya somo hili. Je, ni kweli?

2. Ndugu akikuambia leo kwamba ana VVU, sentensi yako ya kwanza itakuwa ipi?

3. Je, wewe mwenyewe umewahi kupima? Kama hapana, nini kinakuzuia?

Mungu awabariki na kuwapa afya njema. Tuonane Jumapili.

Ndugu zenu wa Kamati ya Afya